Moto Uliokwenda na Moshi: Jinsi Watu wa Nchi za Baridi Walivyopunguza Gharama za Kuota

Leo twazungumza habari za moto wa nyumbani, lakini si moto wa kupikia. Ni moto wa kuota.

Aliyezaliwa Mombasa au Tanga huenda akaona jambo hili ni dogo. Lakini mtu wa Makete, au wa Njombe, au wa Kinangop huko Kenya, anaijua baridi ya mwezi wa Juni na Julai, wakati umande unapoganda juu ya majani na vidole vinapokuwa vizito. Basi fikiri baridi kali kuliko hiyo, inayoanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hata mwezi wa Machi au Aprili. Ndivyo ilivyo Ulaya ya kaskazini. Huko moto wa kuota ni kama chakula, na mtu asiye na fedha ya kuununua huugua, na wengine, hasa wazee na watoto wachanga, hufa. Kwa sababu hiyo historia ya kuokoa fedha za moto si historia ya ubahili. Ni habari ya nani aliyekaa na joto na nani aliyekaa na baridi. Tutaifuata zaidi katika nchi ya Uingereza, kwa kuwa huko imeandikwa vizuri sana, na kwa kuwa Waingereza walishikamana na meko yao ya zamani muda mrefu kupita inavyofaa.

Zamani nyumba ya mkulima wa Kiingereza ilikuwa na moto katikati ya sakafu, kama jikoni kwetu penye mafiga matatu. Moshi ulipanda taratibu, ukapita katika majani ya paa. Macho yaliwasha, ndiyo, lakini joto lote lilibaki ndani pamoja na moshi wake. Kisha dohani zikaanza kujengwa. Padre mmoja wa huko Essex, jina lake William Harrison, aliandika katika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walistaajabu kuona jinsi dohani zilivyoongezeka katika maisha yao. Tena akanung'unika: tangu watu wapate dohani, asema, wamekuwa dhaifu, hawaishi mafua, lakini zamani za moshi vichwa havikuuma. Nasi twaweza kumcheka, maana leo twajua kuwa moshi wa ndani huharibu mapafu. Lakini katika jambo moja Padre Harrison alikuwa ameona kweli. Nyumba yenye dohani ilikuwa safi zaidi, na ilikuwa na baridi zaidi.

Kwa nini basi watu walizijenga? Sababu kubwa moja ni makaa ya mawe. Miti karibu na miji ilikuwa imepungua na kuni zimepanda bei, na makaa ya mawe yaliweza kuletwa London kwa merikebu kutoka Newcastle, safari ya baharini ya maili kama 300. Kwa hiyo watu waliyaita makaa ya bahari. Moshi wake ni mzito na una harufu ya kiberiti, hauvumiliki katika chumba kisicho na dohani. Hivyo mtu wa London aliyetaka moto wa bei nafuu alilazimika kujenga dohani kwanza.

Tangu hapo maisha ya mji yalishikwa na merikebu hizo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mji wa Newcastle ulikuwa mikononi mwa watu wa Mfalme, na Bunge lilikuwa London. Katika mwaka 1643 Bunge likakataza biashara ya makaa ya Newcastle ili Mfalme asipate fedha. Waliopata baridi ni wananchi wa London wenyewe. Miti ya watu ilikatwa na bei ya makaa ikapanda, mpaka Newcastle ikatekwa mwezi wa Oktoba 1644.

Vita vilipokwisha na Mfalme Charles wa Pili kurudi, Serikali ikatafuta kodi mpya, ikaiona hapo hapo penye moto. Kuanzia mwaka 1662 kila meko ya nyumbani ilitozwa shilingi 2 kwa mwaka, yaani shilingi moja kila miezi sita. Maskini sana walisamehewa, lakini wengi waliokuwa karibu na umaskini hawakusamehewa. Mkaguzi alikuwa na ruhusa ya kuingia ndani na kuhesabu meko, hata chumbani mwa kulala, na jambo hilo lilichukiza watu pengine kuliko shilingi zenyewe. Wengine wakaziba meko kwa matofali ili zisihesabiwe. Inasimuliwa kwamba katika mwaka 1684, kijijini Churchill katika Oxfordshire, mama mmoja mwoka mikate alitoboa ukuta akaunganisha tanuri lake na dohani ya jirani, asije akalipia dohani yake mwenyewe. Moto ukashika nyumba. Nyumba kama 20 ziliteketea na watu 4 wakafa. Kodi hiyo ilifutwa katika mwaka 1689.

Sasa nakuomba uchukue penseli na karatasi, maana sehemu inayofuata haifahamiki kwa masikio peke yake. Chora chumba. Katika ukuta mmoja chora meko kubwa kama kabati lisilo na mlango, na juu yake dohani pana inayokwenda mpaka juu ya paa. Weka moto ndani. Hewa iliyo juu ya moto hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda. Haya, imetoka. Lakini chumba hakiwezi kubaki bila hewa, kwa hiyo hewa nyingine huingia mahali pake. Yatoka wapi? Yatoka nje, kwa chini ya mlango na kando ya madirisha, nayo ni ya baridi kama barafu. Kadiri unavyozidisha kuni, ndivyo dohani inavyovuta zaidi, na ndivyo baridi ya nje inavyozidi kuingia. Mtu aliyekaa mbele ya moto hupata joto la miali tu, kama tupatavyo joto la jua. Uso huungua na mgongo huganda. Sehemu kubwa ya fedha zake zimekwisha kupanda juu ya paa.

Hayo yaliandikwa waziwazi na Benjamin Franklin wa Philadelphia, ambaye Waamerika wamhesabu kuwa mmoja wa waanzilishi wa taifa lao. Franklin alizaliwa mwaka 1706, mtoto wa mtengeneza mishumaa, na kazi yake ilikuwa upigaji chapa. Alikuwa mtu wa hesabu ndogo ndogo, naye aliona kwamba hata katika Amerika, nchi ya misitu isiyo na mwisho, kuni zilikuwa zimekuwa ghali mijini. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1744 alisema kuni ambazo miaka 100 nyuma kila mtu alizipata mlangoni pake, sasa kwa miji mingine ziliagizwa kutoka karibu maili 100.

Yeye alitengeneza sanduku la chuma la kuwekwa ndani ya meko. Mbele lilikuwa wazi, ili watu wauone moto, lakini nyuma moshi haukuruhusiwa kupanda moja kwa moja. Ulipanda, ukashuka nyuma ya kisanduku cha hewa, ukapita chini ya sakafu, ndipo ukaingia katika dohani. Njiani uliacha joto lake katika chuma, na chuma kikapasha hewa ya chumba. Franklin aliandika kuwa chumba chake kilipata joto mara mbili ya zamani kwa robo tu ya kuni. Twapaswa kukumbuka kwamba kijitabu hicho kilikuwa pia tangazo la biashara, kwa kuwa rafiki yake Robert Grace, mwenye kiwanda cha chuma, ndiye aliyevisubu vyuma hivyo na kuviuza. Gavana alitaka kumpa Franklin hati ya kuumiliki uvumbuzi huo peke yake, naye akakataa, akisema sisi twafaidi uvumbuzi wa wenzetu, na yafaa tufurahi kuwafaidi wengine kwa uvumbuzi wetu. Fundi mmoja wa London akabadilisha vitu vichache, akajipatia hati yeye, akapata fedha.

Lakini jiko la Franklin lilikuwa na kasoro. Moshi haupendi kushuka. Kama moto haukuwa mkali, au dohani ilikuwa imepoa, moshi ulirudi chumbani. Baadaye wengine, mmoja wao akiwa mwanachuoni David Rittenhouse wa Philadelphia, walilirekebisha moshi upande bila kuzungushwa chini, na jiko ambalo Waamerika waliendelea kuliita kwa jina la Franklin kwa kweli ni hilo lililorekebishwa.

Hapa niseme neno moja nje ya historia. Mtu anayetaka kuokoa joto huwa na hamu ya kuziba kila tundu. Kuna gesi itokayo katika makaa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Katika nchi zetu za milimani twasikia mara kwa mara habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala, wasiamke. Kuokoa joto ni jambo jema, lakini hewa chafu ya moto shurti ipate njia ya kutoka.

Wasweden walifuata njia nyingine. Nchi yao ilihitaji makaa ya miti kwa viwanda vya chuma, na kila gogo lililochomwa nyumbani lilipungua kiwandani. Katika mwaka 1767 Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede walitoa ramani ya jiko kubwa la matofali, refu kama kabati, ambalo ndani yake moshi hupanda na kushuka katika mifereji mitano kabla ya kutoka. Unawasha moto mkali asubuhi kwa muda mfupi, na matofali hutoa joto taratibu mchana kutwa. Jioni unawasha tena. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jiko bora la kuotea katika karne ile, likipita la Franklin. Lakini Mwingereza hakulitaka. Yeye alitaka kuuona moto wake ukicheza.

Basi aliyewafaa Waingereza ni mtu aliyeitengeneza meko ile ile bila kuiondoa. Jina lake ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts mwaka 1753, naye ni mtu ambaye hupati kumsifu bila kusita. Vita vya uhuru wa Amerika vilipoanza alikuwa upande wa Mfalme wa Uingereza, akawapelekea Waingereza habari za siri, akakimbia akimwacha mke na mtoto. Baadaye akaenda kumtumikia mtawala wa Bavaria huko Munich, akapewa cheo cha heshima na jina la Count Rumford. Huko, siku ya kwanza ya mwaka 1790, alitoka na maofisa wa jeshi na wa Serikali, akawakamata waombaji wa mjini na kuwatia katika nyumba ya kazi. Huenda ukakichukia kitendo hicho, na sababu unayo. Lakini nyumba hiyo ilimlazimu kuwapikia watu wengi kila siku, na akipiga hesabu akaona kuni ndizo zinazokula fedha. Akaanza kufunga moto ndani ya majiko ya matofali, chungu kikikaa ndani ya jiko, si juu ya miali iliyo wazi. Akapima, akaandika, akapima tena.

Aliporudi London katika mwaka 1795 aliukuta mji umejaa moshi, na mwaka uliofuata akatoa insha juu ya meko za ukutani. Rudi kwenye mchoro wako. Kwanza, koo la dohani, pale moshi unapoingilia, lilikuwa pana hata mtu aweza kupita. Rumford akalipunguza likawa inchi 4 tu kutoka mbele mpaka nyuma. Pili, ukuta wa nyuma ya moto akausogeza mbele, ili moto ukae karibu na chumba. Tatu, kuta mbili za kando, ambazo zilikuwa zimesimama sawasawa kama za sanduku, akazilaza zifunguke kuelekea chumbani, hata upana wa nyuma ukawa kama theluthi ya upana wa mbele. Kuta zilizolazwa hivyo hutupa miali ya moto nje, kwa watu. Tena alisema zipakwe chokaa, maana rangi nyeupe hurudisha miali, na nyeusi huimeza.

Ni hivyo tu. Hakuna chuma cha kununua wala kiwanda. Mwashi mmoja na matofali machache walitosha, na kazi ilikwisha kwa muda mfupi. Mimi naona hapo ndipo Rumford alipompita Franklin, maana jiko la chuma lilikuwa la mwenye uwezo, lakini matofali na chokaa hata fundi wa kawaida aliweza kuyapata. Rumford naye hakutaka hati ya kumiliki. Aliandika kwamba alikuwa ametengeneza dohani zisizopungua 500 zilizokuwa zikirudisha moshi. Tena alikumbuka wafagiaji: kwa kuwa koo jembamba lingemzuia mtoto wa kufagia masizi asipande, aliacha jiwe moja la nyuma liweze kutolewa na kurudishwa.

Ndiyo, nimesema mtoto. Dohani za London zilifagiliwa na watoto waliopanda ndani kwa magoti na viwiko. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 8, na haikufuatwa. Ilichukua mpaka sheria ya mwaka 1875 ndipo kazi hiyo ya watoto ikakomeshwa kweli. Bei ya moto, kama uonavyo, haikulipwa na mwenye nyumba peke yake.

Karne ya 19 tutaipita haraka. Makaa yalichimbwa mengi, reli zikayasambaza, na makaa yalipokuwa rahisi watu wakaacha kufikiri. Meko zikabaki wazi. Lakini katika karne ya 20 hesabu ikarudi. Majira ya baridi ya mwaka 1947 yalikuwa makali sana, theluji ikafunga reli, makaa yakakwama. Tarehe 7 Februari Waziri Emanuel Shinwell akalitangazia Bunge kuwa umeme utakatwa, na nyumba katika sehemu kubwa za nchi zikakaa bila umeme saa 5 kila siku. Makaa ya nyumbani yaligawiwa kwa kipimo, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1958.

Na Serikali ilikuwa na deni. Makaa mazuri yaliuzwa nchi za nje ili kupata fedha za kigeni. Kwa wananchi, kuanzia tarehe 1 Desemba 1952, yaliruhusiwa bila kipimo makaa hafifu ya vumbi na vipande, ya bei nafuu. Watu wakayanunua, maana ndiyo waliyoyaweza. Siku nne baadaye, Ijumaa tarehe 5, baridi ikaingia, upepo ukakoma, na hewa ya joto ikatanda juu ya London kama kifuniko cha chungu. Kila nyumba ikaongeza moto. Moshi haukuwa na pa kwenda. Siku tano mchana ulifanana na jioni, makondakta wakatembea mbele ya mabasi wakiwa na taa, na katika jumba moja onyesho likavunjwa kwa kuwa watazamaji hawakuiona jukwaa. Hesabu ya kwanza ilisema watu kama 4,000 walikufa. Wachunguzi wa baadaye wamefikisha kama 12,000. Si makaa yale hafifu peke yake yaliyoua, kwa kuwa viwanda na mitambo ya umeme nayo ilitoa moshi mwingi. Lakini meko za nyumbani zilikuwa mamilioni, na dohani zake ni fupi.

Katika mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Mabaraza ya miji yakapewa uwezo wa kutangaza sehemu zisizoruhusiwa moshi, na sehemu kubwa ya gharama za kubadili meko ikalipwa kwa fedha za umma. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoifanya sheria ifuatwe. Kumwambia mjane aache makaa ya bei nafuu bila kumsaidia kununua jiko jingine ni kumwambia akae na baridi. Kuanzia mwaka 1967 gesi ya Bahari ya Kaskazini ikaletwa pwani, na katika miaka kumi nyumba za Uingereza zilizotumia gesi zilibadilishwa vifaa moja moja. Meko nyingi za Rumford zikazibwa kwa ubao.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipopanda ghafula, Denmark ndiyo iliyoshtuka zaidi, kwa kuwa karibu nguvu zake zote zilitoka katika mafuta ya kuagizwa. Wadenmark wakatunga sheria ya joto mwaka 1979, na leo kama theluthi mbili za nyumba zao hupata joto kwa maji moto yanayoletwa kwa mabomba kutoka kituo cha pamoja. Rais Jimmy Carter wa Marekani, mwezi wa Februari 1977, alikaa mbele ya moto akiwa amevaa sweta, akawaomba watu washushe joto la nyumba. Katika mwaka 1991 huko Darmstadt, Ujerumani, zilijengwa nyumba nne zilizoungana zenye kuta nene na madirisha ya vioo vitatu, zisizohitaji moto ila kidogo sana. Hapo swali la kale limegeuzwa: badala ya kuuliza moto uwekwe vipi, fundi auliza joto latokea wapi kwenda nje. Wenzetu wanaoishi Ulaya waliuliza swali hilo kwa uchungu katika mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi.

Na ukitaka kuiona fikira ya Rumford karibu nawe, tazama jiko la mkaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na kuvuka mpaka kuja Tanzania. Udongo hulizuia joto lisitoke ubavuni.

Kwa wale wanaosoma kwa vikundi, fanyeni hesabu hii kabla ya somo lijalo. Mwenye nyumba wa Oxford alikuwa na meko 6 katika mwaka 1670. Je, alilipa kodi kiasi gani kwa mwaka? Pili, tuseme familia moja inatumia magunia 10 ya mkaa kwa mwaka katika jiko la bati tupu, na jiko la udongo linapunguza matumizi kwa magunia 3. Tafuteni bei ya gunia sokoni kwenu na bei ya jiko la udongo, kisha mwone litajilipa baada ya miezi mingapi. Katibu wa kikundi aandike jibu katika daftari.